Pumzi Inayokatika Usiku: Usingizi, Shinikizo la Damu na Maisha na Mashine ya Hewa Idodi

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anapofika kliniki huulizwa mambo mengi: kama amemeza dawa kila siku, kama amepunguza chumvi, kama anavuta sigara au anakunywa pombe. Swali moja huachwa mara nyingi, nalo ni hili: unalalaje? Kuachwa kwa swali hilo kuna gharama. Wapo wagonjwa ambao dawa zao huongezwa kutoka moja hadi mbili, kisha tatu, na presha isishuke, ilhali chanzo kimojawapo cha ukaidi huo hujitokeza kila usiku kitandani, mbele ya shahidi ambaye hakuna aliyemuuliza: mtu anayelala naye chumba kimoja.

Chanzo hicho ni kukatika kwa pumzi usingizini, ugonjwa unaoitwa apnea ya usingizi. Makala haya yanaueleza kwa kuyatazama mazingira ya Idodi, katika Wilaya ya Iringa, kando ya barabara inayotoka mjini Iringa kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni nchi ya bonde lenye joto, yenye mashamba ya mpunga, mahindi na mifugo, ambako tembo ni majirani. Hapo hakuna maabara ya usingizi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya kuutambua ugonjwa huu inaweza kufanyika hapo hapo, kwa utepe wa kupimia, mashine ya presha na maswali machache. Linalowezekana Idodi linawezekana pia katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini.

Kazi inayofanyika mtu akiwa amelala

Usingizi si kuzimika kwa mwili. Ni zamu nyingine ya kazi. Katika usiku mmoja mtu mzima hupitia mizunguko minne hadi sita ya usingizi, kila mmoja ukichukua takribani dakika 90. Ndani ya kila mzunguko zipo hatua za usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto. Katika usingizi mzito moyo hupunguza mwendo, na shinikizo la damu la mtu mwenye afya hushuka kwa asilimia 10 au zaidi likilinganishwa na la mchana. Hiyo ndiyo likizo ya kila siku ya moyo na mishipa. Wakati huo huo homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi, ubongo huhifadhi yaliyojifunzwa mchana, na homoni za njaa na shibe hurudi katika uwiano wake.

Likizo hiyo ikikatizwa, mwili hulipa haraka. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha matokeo ya vijana 11 wa kiume wenye afya njema walioruhusiwa kulala saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo. Katika muda huo mfupi miili yao ilianza kushindwa kuishughulikia sukari kama inavyotakiwa, kwa namna inayofanana na hatua za mwanzo za kisukari. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza mtu mzima alale angalau saa 7 kila usiku, na kijana wa umri wa sekondari saa 8 hadi 10.

Usingizi una maadui wawili wanaofaa kutofautishwa, kwa kuwa tiba zao ni tofauti. Wa kwanza hupunguza saa za kulala. Wa pili huziacha saa zilivyo, lakini huzinyang'anya manufaa yake.

Adui wa kwanza: saa zinazopotea

Idodi saa za kulala hupotea kwa njia zinazofahamika. Mazao yanapokaribia kuvunwa, wakulima wa vijiji vinavyopakana na maeneo ya wanyamapori hukesha mashambani kuwafukuza tembo. Mfugaji huamka mara kadhaa kusikiliza zizi. Mwanafunzi anayekaribia mtihani husoma hadi usiku wa manane, na simu ya mkononi sasa imeongeza mwanga na mazungumzo katika saa ambazo zamani zilikuwa za giza na ukimya.

Jina la Idodi lilisikika nchi nzima Agosti 2009, pale moto ulipoteketeza bweni la shule ya sekondari usiku na wanafunzi 12 wa kike wakapoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa uliotumiwa kujisomea. Msiba ule ulifundisha mengi kuhusu usalama wa mabweni, na si haki kuubebesha somo la usingizi peke yake. Lakini mwalimu na mzazi wanaweza kujiuliza: je, saa ya mwisho ya kusoma usiku inamfaa mtoto kuliko saa ya kulala? Kwa ubongo wa kijana, yaliyosomwa hukaa vizuri zaidi yakifuatwa na usingizi wa kutosha.

Kumwambia mkulima aache kulinda shamba ni kumwambia aache kula. Ushauri unaofaa ni kugawana usiku. Utafiti uliofanywa miongoni mwa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuatilia watu wazima 33 kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika 18 tu ndizo zilizopita watu wote wakiwa wamelala kwa pamoja. Wengine hulala mapema, wengine huchelewa, na hivyo daima yupo aliye macho, bila mtu mmoja kubeba mzigo wa kukesha. Walinzi wa mashamba wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa makusudi: kundi moja lilale tangu saa 2 hadi saa 8 usiku, jingine lilale kuanzia saa 8 hadi mchana, ili kila mmoja apate kipande kirefu cha usingizi kisichokatizwa.

Adui wa pili: koo linaloziba

Adui wa pili hahitaji tembo wala mtihani. Mtu hulala mapema, hulala saa 8, lakini huamka amechoka kana kwamba alibeba magunia usiku kucha. Wakati wa mchana misuli ya koo huliweka wazi. Mtu anapolala misuli hiyo hulegea. Kwa mwenye njia nyembamba ya hewa, kaakaa laini na shina la ulimi hurudi nyuma. Hewa ikipita kwa shida, nyama hizo hutetemeka, na huko ndiko kukoroma. Njia ikiziba kabisa, kukoroma hukoma ghafla, ukimya ukatanda, kifua kikawa kinahangaika bila hewa kuingia. Oksijeni hushuka, ubongo hushtuka, mtu huguta kwa mkoromo mkubwa au kama anayekabwa, kisha hulala tena. Asubuhi hakumbuki lolote.

Pumzi ikikatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa kuwa tukio moja. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 29 ni wa wastani, na 30 au zaidi ni mkali. Mtu mwenye matukio 30 kwa saa, akilala saa 7, hupambana na koo lake mara 210 katika usiku mmoja. Kila mara mwili humwaga homoni za hofu, mishipa hujikaza na shinikizo la damu hupanda. Badala ya likizo, moyo hupata kazi ya ziada. Baada ya miezi na miaka, shinikizo hilo hubaki juu hata mchana.

Ugonjwa huu si wa nadra. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa karibu watu bilioni 1 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana kiwango fulani cha apnea ya usingizi, na wengi wao hawajui. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 akiwa na shinikizo la juu la damu. Magonjwa haya mawili hutembea pamoja, hasa pale presha inapokataa kushuka licha ya dawa tatu zinazotumiwa ipasavyo. Apnea isiyotibiwa huambatana pia na kiharusi, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kisukari na sonona.

Ipo hatari nyingine isiyosubiri miaka. Mtu mwenye ugonjwa huu husinzia bila kutaka, na uwezekano wake wa kupata ajali anapoendesha gari ni takribani mara mbili au zaidi ya mwenzake asiye nao. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia hupita Iringa na Mbeya, ikiwa na miteremko kama Kitonga isiyosamehe usinziaji hata wa sekunde tatu. Tangu mabasi ya abiria yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, swali la usingizi wa dereva limekuwa swali la usalama wa kila abiria.

Walio hatarini

Unene ndio kihatarishi kikubwa, hasa mafuta yanayojikusanya shingoni na tumboni. Lakini mtu mwembamba asijihesabu kuwa salama: taya dogo, ulimi mkubwa au pua iliyoziba vinaweza kuleta ugonjwa huo huo. Wanaume huugua zaidi katika umri wa kati, ila wanawake huwakaribia baada ya kukoma hedhi. Mwanamke mara nyingi huja na malalamiko ya uchovu, maumivu ya kichwa asubuhi au kukosa usingizi, na kwa hiyo ugonjwa hupita bila kushukiwa. Mjamzito aliyeanza kukoroma sana na ambaye presha yake inapanda anahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Mkoa wa Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya virusi vya UKIMWI, na hilo linahusika hapa. Baadhi ya watu huongezeka uzito baada ya kuanza dawa zenye dolutegravir. Ongezeko hilo kwa wengine ni ishara ya afya kurejea, lakini likizidi linaweza kuleta presha, kisukari na apnea. Mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu hiyo. Kliniki ya tiba na matunzo ni mahali pazuri pa kupima shingo na kuuliza habari za kukoroma.

Watoto nao huugua. Kwao chanzo kikubwa ni mafindofindo yaliyovimba na nyama za puani. Mtoto hukoroma, hulala mdomo wazi, hutokwa jasho usiku, hurudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, na darasani huonekana mtundu au mzito wa kuelewa. Wengi wao hupona kwa upasuaji wa kuondoa nyama hizo, unaofanywa na daktari wa masikio, pua na koo. Huyu ni mgonjwa asiyestahili kukawizwa.

Jinamizi na kimeo

Mtu anayeshtuka usiku akihisi kukabwa huambiwa ameingiliwa na jinamizi, au kwamba jirani ana mkono wake katika jambo hilo. Maelezo hayo hayafai kudharauliwa, kwa sababu yanabeba ushuhuda wa kweli: mtu alikosa pumzi, aliogopa, na moyo ulimwenda mbio. Mhudumu wa afya mwenye busara husikiliza habari za jinamizi kisha huuliza: hutokea mara ngapi? Kabla ya hapo alikuwa anakoroma? Mchana anasinzia? Majibu hayo ndiyo yanayoelekeza njia.

Desturi ya kukata kimeo ni jambo jingine, nayo ina madhara. Kimeo hukatwa kwa fundi wa kienyeji kwa kikohozi kisichoisha, na wengine hudhani kitatibu kukoroma pia. Kukikata hakufungui shina la ulimi linaloziba koo, bali huleta hatari ya kutokwa damu nyingi, pepopunda, usaha kooni na maambukizi yatokanayo na kisu kilichotumika kwa mwingine.

Tatu, wengi huamini kwamba kukoroma ni dalili ya usingizi mnono. Kukoroma kwa sauti tulivu na isiyokatika kunaweza kuwa jambo dogo. Kukoroma kunakokatizwa na ukimya, kisha mguto, si usingizi mnono hata kidogo.

Kutambua katika kituo cha afya

Mwaka 2008 madaktari wa ganzi na usingizi wa Toronto, Kanada, walichapisha dodoso la maswali manane linalotumika sasa duniani kote. Halihitaji umeme wala maabara:

1. Je, anakoroma kwa sauti ya kusikika nje ya mlango uliofungwa?
2. Je, huchoka au husinzia mchana mara kwa mara?
3. Je, kuna aliyemwona akikata pumzi usingizini?
4. Je, ana shinikizo la juu la damu au anatumia dawa zake?
5. Je, uwiano wa uzito na urefu wake unazidi 35?
6. Je, ana zaidi ya miaka 50?
7. Je, mzunguko wa shingo yake unazidi sentimita 40?
8. Je, ni mwanamume?

Kila "ndiyo" ni alama moja. Alama 0 hadi 2 huonyesha hatari ndogo, 3 hadi 4 ya wastani, na 5 hadi 8 kubwa. Swali la tatu halijibiwi na mgonjwa peke yake. Aulizwe mke, mume, mama au mwenzake wa chumba. Jamaa huyo akiweza kumrekodi kwa simu kwa dakika chache akiwa amelala, kwa ridhaa yake, daktari atapata ushahidi wenye thamani kubwa. Jambo jingine la kuuliza ni kuamka kukojoa mara mbili, tatu au zaidi usiku. Dalili hiyo hudhaniwa kuwa ya kisukari au tezi dume tu, kumbe moyo unaovutwa na kifua kinachohangaika hutoa homoni inayoongeza mkojo.

Kifaa cha kidole cha kupima oksijeni kinasaidia, ila kisomeke kwa uangalifu. Asilimia 97 mchana, mgonjwa akiwa macho, haisemi lolote kuhusu saa 9 usiku. Uthibitisho hutokana na kipimo cha usingizi, ambapo pumzi, oksijeni na mwenendo wa kifua hurekodiwa usiku kucha. Kipimo hicho hupatikana katika hospitali chache za ngazi ya juu. Kwa baadhi ya wagonjwa hufanyika nyumbani kwa kifaa kidogo cha kubeba.

Kwa mgonjwa wa Idodi safari ya rufaa huweza kupitia Tosamaganga au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, na kutoka hapo hadi hospitali za kanda au za taifa. Nauli na siku za kazi zinazopotea ni mzigo, hivyo barua ya rufaa ifanye kazi yake. Itaje alama za dodoso, mzunguko wa shingo, uzito, vipimo vya presha vya tarehe mbalimbali, dawa zote anazotumia, kazi anayofanya na maneno ya shahidi wa usiku. Dereva anayesinzia barabarani apewe kipaumbele, na aelezwe bila kuficha kwamba hapaswi kuendesha gari hadi atibiwe.

Tiba inayoanza nyumbani

Zipo hatua zisizosubiri rufaa. Ya kwanza ni uzito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kupungua uzito kwa asilimia 10 kuliendana na kupungua kwa matukio ya kukatika pumzi kwa takribani asilimia 26. Kwa mtu wa kilo 100, hizo ni kilo 10: kazi ngumu lakini si muujiza.

Ya pili ni pombe. Ulanzi unaogemwa kwenye mianzi ya Iringa, komoni na bia ya kiwandani vyote hulegeza misuli ya koo. Anayekunywa jioni kisha akalala huongeza wingi na urefu wa vipindi vya kukatika pumzi. Kuacha ndiko bora. Asiyeweza kuacha aepuke walau saa 4 kabla ya kulala. Vivyo hivyo diazepam na dawa kali za maumivu kama tramadol zisitumiwe kiholela kutafuta usingizi. Kwa mwenye koo linaloziba, dawa hizo hudhoofisha ile mishtuko inayomwokoa.

Ya tatu ni mlalo. Wengi huziba koo zaidi wakilala chali. Kushonea mfuko wenye mpira mdogo mgongoni mwa fulana ya kulalia humlazimu mtu kugeuka ubavu. Kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa tofali husaidia pia. Pua iliyoziba kwa mzio wa vumbi itibiwe. Hatua hizi zinaweza kumtosha mwenye ugonjwa mwepesi. Mwenye ugonjwa wa wastani au mkali zinamsaidia, lakini hazimtoshi.

Mashine ya hewa

Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha tiba iliyobadilisha hali ya wagonjwa hawa. Mashine ndogo husukuma hewa kupitia mpira hadi kwenye barakoa ya pua, na msukumo huo hulishika koo lisiporomoke. Mashine hiyo hujulikana kwa kifupi cha CPAP. Haitoi oksijeni, hutoa hewa ile ile ya chumbani. Si dalili kwamba mgonjwa yu mahututi, na haimlevyi mtu. Ni kama miwani: hufanya kazi inapovaliwa. Kiwango cha msukumo, kwa kawaida kati ya sentimita 4 na 20 za maji, hupangwa na mtaalamu kwa kila mgonjwa.

Matarajio yawe ya kweli. Kukoroma na kusinzia huweza kupungua ndani ya siku chache. Presha hushuka kidogo kwa wengi, na zaidi kwa wale ambao ilikuwa sugu. Kwa hiyo dawa za presha zisiachwe bila ushauri wa daktari. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 2,600 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba mashine iliwazuia kupata shambulio jingine, ingawa iliboresha maisha yao ya kila siku. Ikumbukwe kwamba waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Faida hufuata saa: lengo la chini ni saa 4 kila usiku, na bora ni usiku mzima.

Asiyeweza kuvumilia mashine huweza kufaa kwa kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele, kinachotengenezwa na daktari wa meno, au kwa upasuaji. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kupunguza uzito, kwa wenye apnea na unene uliokithiri. Bei yake bado iko mbali na mkulima.

Kuishi na mashine kijijini

Wiki mbili za mwanzo ndizo za kushinda au kushindwa. Anayebanwa na hofu aivae barakoa kwanza mchana akisikiliza redio, dakika 20 leo, 40 kesho, kabla ya kulala nayo. Hewa ikivuja machoni, mikanda irekebishwe akiwa amelala, si akiwa ameketi. Mdomo ukikauka, huenda hewa inatokea mdomoni. Aina nyingine ya barakoa hutatua hilo.

Chandarua kisiachwe kwa sababu ya mpira wa mashine. Mpira upitishwe upande wa kichwani, chini ya pindo, kisha pindo lichomekwe vizuri chini ya godoro bila kulitoboa. Mashine ikae juu ya kigoda, si kwenye sakafu ya udongo, na iwe chini kidogo ya usawa wa kitanda ili maji ya mvuke yasitiririke hadi usoni. Wakati wa kiangazi vumbi la Idodi hujaza chujio haraka. Likaguliwe kila wiki. Barakoa ioshwe kila siku kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kivulini.

Chombo cha unyevunyevu hutakiwa kutiwa maji yaliyokenekwa. Maji yaliyochemshwa na kupoa yanaweza kutumika kwa dharura, ila huacha ukoko unaohitaji kusuguliwa. Maji ya betri ya gereji yasitumike kamwe, kwani baadhi ya chupa zina asidi. Mashine nyingi hufanya kazi hata bila chombo hicho, na hilo huokoa umeme pia.

Kuhusu umeme, hesabu ni hii. Mashine isiyotumia kipasha maji huhitaji takribani wati 30 hadi 40, yaani wati-saa 240 hadi 320 kwa usiku wa saa 8. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini betri ya kawaida ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Hivyo hutosha usiku mmoja au miwili kabla ya kuchajiwa kwa sola. Umeme ukikatika ghafla, mgonjwa aivue barakoa na kulala ubavu.

Mashine za mtumba zinazoletwa na ndugu kutoka nje zikaguliwe. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirejesha mashine zake nyingi za aina hii, kwa sababu sponji ya kupunguza sauti ndani yake iliweza kumeguka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Namba ya mashine ilinganishwe na orodha ya kampuni, barakoa iwe mpya, na msukumo upangwe upya kwa mtumiaji mpya.

Mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji wowote amwambie mtaalamu wa ganzi na usingizi kuhusu apnea yake na aende na mashine yake hospitalini. Dawa za usingizi na za maumivu zinaweza kuliziba koo baada ya upasuaji, na tahadhari hiyo moja inaweza kuokoa maisha.

Mwisho, mwenzi ni sehemu ya tiba. Ndiye aliyesikia ukimya wa kwanza, na ndiye atakayejua kama mashine inafanya kazi. Aitwe kliniki siku ya maelekezo, aruhusiwe kuishika barakoa na kuuliza. Nyumba inayoielewa mashine huitunza. Nyumba inayoiogopa huiweka kabatini.

Kianzio kilicho karibu

Mhudumu wa afya wa Idodi hawezi kuleta maabara ya usingizi kesho. Anaweza kuongeza mstari mmoja katika daftari la kliniki ya presha: mzunguko wa shingo na alama za dodoso. Mgonjwa naye hahitaji kusubiri aulizwe. Anayekoroma kwa kukatizwa, anayeamka na kichwa kinachouma, anayesinzia mchana au ambaye presha yake haitii dawa, aje siku ya kliniki akiwa na mtu anayelala naye chumba kimoja, na aanze yeye kusema: "Daktari, naomba nieleze ninavyolala."